Malodi wa Enniskillen na Kondoo wa Elmenteita

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka wa Chama cha Wanafunzi wa Zamani, katika ukumbi wa shule, kabla ya chakula cha mchana.)

Wanafunzi wa zamani wenzangu, na ninyi vijana mnaokalia leo madawati tuliyoyachora sisi kwa wembe:

Mwenyekiti amenitambulisha kwa maneno mengi mazuri, na kila aliposema "Mheshimiwa" niligeuka nyuma kutazama ni nani aliyeingia. Katika shule hii mimi nilipata cheo kimoja tu, nacho ni "Kobe", nilichotunukiwa na wenzangu wa bweni kwa sababu ya kuchelewa gwaride la asubuhi. Naona kuna wazee wanacheka pale nyuma. Hao ndio walionitunuku.

Nimepewa nusu saa, kwa maana mbuzi walioko nje hawajaiva. Basi nitajaribu kusema kwa kadiri ya moto wa jikoni.

Jambo nililolichagua ni vyeo. Nimewatazama mnavyoingia, nikasikia "Daktari, karibu", "Profesa, pita mbele", "Kanali, kiti chako ni hiki". Ni vizuri, shule hujivunia watoto wake. Lakini nimeona pia katika ajenda ya mchana kwamba tutazungumzia ubao wa majina utakaotundikwa ukutani mwa bwalo jipya, nikasema moyoni: kabla hatujaandika majina na vyeo ukutani, natuvitazame vyeo vyenyewe kidogo. Nimechukua kimoja cha mbali, cha Ireland, nikisimulie tangu kuzaliwa kwake. Sikukichagua kwa sababu ni cha mbali. Nimekichagua kwa sababu kilisafiri mpaka kikafika kwa jirani zetu, kando ya Ziwa Elmenteita, na kilipofika huko kiliacha jambo ambalo inatupasa tulijue. Cheo hicho ni cha Erli wa Enniskillen.

Kwanza niwaeleze ngazi zenyewe. Waingereza wana ngazi tano za ulodi. Ya juu ni Dyuki, ya pili Makwizi, ya tatu Erli, ya nne Viskaunti, na ya mwisho Baroni. Mfalme ndiye mwenye kutoa, na cheo kikishatolewa hurithiwa kama ng'ombe wa baba, ila kwa tofauti moja: ng'ombe hugawanywa, cheo hakigawanyiki. Mtoto wa kiume wa kwanza huchukua cheo, na kwa desturi nyumba na shamba pia. Wadogo zake hupata jina zuri, elimu nzuri, na nauli ya kwenda kutafuta maisha. Ishikeni hiyo nauli, maana ndiyo itakayotuletea wageni baadaye.

Enniskillen ni mji mdogo wa kaskazini mwa Ireland, katika wilaya ya Fermanagh. Jina lake kwa lugha ya Kiayalandi maana yake ni Kisiwa cha Ceithleann, na huyo Ceithleann ni mwanamke wa hadithi za kale. Mji umekaa juu ya kisiwa, mahali ambapo Ziwa Erne hubanwa likawa kama mto, na mwenye kisiwa ndiye mwenye njia ya maji. Kwa muda mrefu waliotawala hapo walikuwa watu wa ukoo wa Maguire, Waayalandi wenyewe, na ngome yao ilikuwa ukingoni mwa maji.

Mwishoni mwa karne ya 16 Waayalandi wa kaskazini walipigana na Waingereza kwa miaka tisa, wakashindwa. Mwezi wa Septemba mwaka 1607 wakuu wao walipanda merikebu wakakimbilia Ulaya bara. Aliyeipata merikebu ile alikuwa Cúchonnacht Maguire, naye alifariki mwaka uliofuata katika mji wa Genoa, Italia, asiione tena nchi yake. Serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba ardhi ya waliokimbia ni mali ya Mfalme, ikaikata vipande, ikawagawia walowezi kutoka Uingereza na Scotland. Naona baadhi ya wazee wanatikisa vichwa. Naam, wazee wangu, mchezo huo haukuanzia kwetu. Ulifanyiwa mazoezi huko kwanza, weupe kwa weupe, miaka 300 kabla ya kufika Bonde la Ufa.

Mmoja wa walowezi hao alikuwa Kapteni William Cole, Mwingereza, aliyekuwa mkuu wa mashua za Mfalme katika Ziwa Erne. Alikaa katika ngome ya akina Maguire, akausimamia mji mpya, na mwaka 1617 akafanywa kuwa Sir. Lakini cheo cha kwanza cha ulodi chenye jina la Enniskillen hakikuwa chake. Mwaka 1628 Mfalme alimpa Ubaroni wa Enniskillen Brian Maguire, mtu wa ukoo ule ule ulionyang'anywa, kwa kuwa yeye alisimama upande wa serikali. Mwanawe Conor akaurithi. Mwaka 1641 Conor alishiriki katika njama ya kuiteka ngome ya Dublin. Lakini kabla ya siku kufika, Sir William Cole alikuwa amekwisha peleka barua Dublin kuionya serikali juu ya nyendo za Maguire. Conor alikamatwa, akapelekwa London, na mwaka 1645 akanyongwa. Cheo kikafutwa, na jina la Enniskillen likabaki bila lodi.

Lilikaa hivyo zaidi ya miaka 100. Katika muda huo akina Cole walizidi kuwa na ardhi na mali. Mmoja wao alijenga nyumba nje ya mji, akaiita Florence Court kwa jina la mke wake, Florence. Baadaye nyumba kubwa ya mawe ilijengwa papo hapo, nayo ipo hata leo. Mwaka 1760 John Cole alipewa ubaroni. Mwanawe akapandishwa kuwa Viskaunti mwaka 1776, na mwaka 1789 akawa Erli wa kwanza wa Enniskillen. Vijana wa Historia watakumbuka kwamba 1789 ndio mwaka Wafaransa walipoanza mapinduzi ya kuwaangusha mabwana wa namna hiyo hiyo. Cheo chetu kilizaliwa siku ambazo kwa jirani vyeo vilikuwa vinakaribia kuzikwa.

Hata hivyo, lodi wa Ireland hakuwa lodi kamili. Tangu mwaka 1801, Ireland ilipounganishwa na Uingereza, malodi wa Ireland hawakuruhusiwa wote kuingia katika Baraza la Malodi la London. Walichagua 28 tu miongoni mwao, wengine wakabaki nyumbani na majoho yao. Erli wa pili aliponea njia nyingine: mwaka 1815 alipewa ubaroni wa pili, wa Uingereza, na kwa mlango huo yeye na warithi wake wakaingia barazani bila kupigiwa kura na mtu. Mlango huo ulikuja kufungwa mwaka 1999, Bunge la Uingereza lilipowaondoa karibu malodi wote wa kurithi.

Mdogo wake Erli wa pili alikuwa Jenerali Sir Galbraith Lowry Cole. Huyu alipigana Hispania chini ya Wellington, kisha akawa gavana wa Mauritius tangu 1823, na wa Koloni la Rasi, Afrika Kusini, tangu 1828 hadi 1833. Enniskillen wamemjengea mnara wenye ngazi 108 ndani yake, na sanamu yake imesimama juu kabisa. Lishikeni jina la Galbraith, litarudi.

Sasa tufike kwa Erli wa tatu, ambaye mimi nampenda kuliko wote. Huyu, William Willoughby Cole, aliyezaliwa mwaka 1807, alipenda samaki. Lakini si samaki wa kukaanga. Alipenda samaki waliogeuka mawe mamilioni ya miaka iliyopita. Yeye na rafiki yake, Sir Philip Egerton, walizunguka Ulaya wakiingia machimboni na kwenye maduka ya mawe, na inasemekana walipopata jiwe lenye samaki ndani yake waligawana, huyu upande mmoja na yule upande wa pili. Mtaalamu mashuhuri Louis Agassiz alitumia makusanyo yao katika kazi yake kubwa juu ya samaki wa kale. Erli alikusanya mawe yapatayo 10,000, na mwaka 1882 yakaenda katika Makumbusho ya Uingereza, na wanasayansi wanayatumia hata leo. Huyu alikuwa mtu mwenye nyumba kubwa, maelfu ya ekari na wapangaji wengi, na furaha yake ilikuwa kupangusa vumbi kwenye mifupa ya samaki.

Msidhani alikuwa mtu wa samaki tu. Alikuwa pia kiongozi mkuu wa chama cha Waprotestanti wa Ireland kiitwacho Orange, na Wakatoliki wengi hawakumtakia heri. Mwaka 1854 gari moshi alilopanda pamoja na wafuasi wake liliacha reli karibu na Trillick, kwa mawe yaliyowekwa juu ya reli. Yeye alinusurika. Uhasama wa mwaka 1607 na 1641 ulikuwa haujafa. Ulikuwa umelala kando ya njia.

Erli wa nne, kabla hajarithi, alitajwa mahakamani katika kesi ya talaka iliyotikisa London mwaka 1870, ambamo hata mrithi wa kiti cha ufalme alisimama kutoa ushahidi. Kwa heshima ya vijana waliokaa mbele, kesi hiyo nitaipita. Natazama watoto wake. Mkubwa alikuwa John, ambaye angerithi kila kitu. Wadogo walikuwemo Galbraith, aliyezaliwa mwaka 1881, na Berkeley, aliyezaliwa mwaka 1882. Dada yao, Florence, aliolewa mwaka 1899 na Lodi Delamere, ambaye ubaroni wake ni wa Uingereza wala si wa Ireland, na ambaye jina lake hakuna mtu wa Nakuru asiyelijua.

Hapa naomba mniazime masikio. Mwaka 1903 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria kubwa ya ardhi ya Ireland. Serikali ilitoa fedha ili mabwana shamba wawauzie wapangaji wao ardhi, na mpangaji akalipa kidogo kidogo mpaka shamba likawa lake. Baada ya miaka 300 ardhi ya Ireland ilianza kurudi kwa jumla mikononi mwa walioilima. Mwaka huo huo wa 1903 Delamere aliomba ardhi hapa, akapewa ekari 100,000 huko Njoro. Mwaka uliofuata, 1904, serikali ya kikoloni ilifanya mapatano na Wamaasai chini ya Olonana, wakatolewa katika malisho yao ya Naivasha na Nakuru, wengine wakapelekwa Laikipia na wengine kusini. Waliambiwa kwamba mapatano hayo yatadumu maadamu Wamaasai wapo duniani. Yalidumu miaka saba. Mwaka 1911 waliambiwa waondoke Laikipia pia.

Katika nafasi hiyo iliyoachwa wazi ndipo walipoingia vijana wawili wa Erli wa nne na nauli yao.

Berkeley alikuwa mtu mdogo wa umbo, mwenye nywele nyekundu na ucheshi mwingi. Shamba lake lilikuwa Naro Moru, chini ya Mlima Kenya. Alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Klabu ya Muthaiga, na wakati wa Vita Kuu ya kwanza aliongoza kikosi cha askari Wasomali kilichoitwa kwa jina lake. Mwandishi Karen Blixen, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1937, anasimulia kwamba Berkeley alipokuwa mgeni nyumbani kwake Ngong alikuwa na desturi ya kwenda msituni kila asubuhi saa tano kunywa chupa ya shampeni. Siku moja alilalamika kwamba bilauri alizoletewa ni za ovyo. Mwenyeji alikuwa ameogopa zile nzuri zisivunjike. Lakini tangu siku hiyo bilauri bora za nyumba zilibebwa mpaka msituni. Blixen hatuambii sana juu ya yule aliyezibeba. Berkeley alifariki mwaka 1925 kwa ugonjwa wa moyo, na marafiki zake walimlilia kwa dhati.

Galbraith alikuwa mtu wa namna nyingine. Alikuwa mkimya, mchapakazi, na alijua mifugo. Alichukua shamba kando ya Ziwa Elmenteita, liitwalo Kekopey, akafuga kondoo.

Mwaka 1911 kondoo waliibwa. Galbraith Cole aliwafuata watu aliowashuku, akampiga risasi mmoja wao, na mtu huyo akafa. Alishtakiwa mahakamani, wala hakukana kwamba ndiye aliyepiga. Wazee wa baraza waliokaa kusikiliza walikuwa Wazungu, walowezi kama yeye. Hawakukawia. Walisema hana hatia.

Wanasheria mlioko hapa mnajua uzito wa jambo hilo: mtu hakani, na mahakama inamwachia. Hata London waliona haya. Waziri wa Makoloni, Lewis Harcourt, alimwamuru Gavana Girouard amwondoe Cole nchini, naye akaondolewa mwaka huo huo. Walowezi walipiga kelele kwamba mwenzao ameonewa, na Delamere, shemeji yake, alikuwa mstari wa mbele. Uhamisho wenyewe haukudumu. Katika miaka ya Vita Kuu ya kwanza Galbraith alikuwa tena Elmenteita, na mwaka 1917 alioa mpwa wa aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, Arthur Balfour. Ugonjwa wa viungo ulimtesa miaka mingi, macho nayo yakaanza kumwacha, na mwaka 1929 akayakatiza maisha yake kwa mkono wake mwenyewe. Walioandika habari zake wamesikitika sana, na mimi siwalaumu. Mateso ya mtu ni mateso.

Lakini yule mwingine je? Katika vitabu vingi vya walowezi nilivyovisoma juu ya kesi hiyo, anaitwa mwizi wa kondoo, au mzalendo fulani, basi. Jina hapewi. Hatuambiwi alikuwa mwana wa nani, wala kama aliacha mke, wala nani alipeleka habari nyumbani kwake. Maerli wa Enniskillen wana majina na wana hata namba: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Jenerali ana mnara wenye ngazi 108. Samaki wa Erli wa tatu wana majina ya Kilatini, kila mmoja na kibandiko chake, ndani ya makabati ya London. Mtu wa Elmenteita hakuandikiwa hata jina la samaki.

Wanangu, hilo ndilo nililolitaka mlisikie leo. Cheo ni mashine ya kukumbuka. Kimekumbuka watu wa familia moja kwa zaidi ya miaka 200, wema na wabaya, wenye akili na wenye vituko. Lakini hukumbuka upande mmoja tu. Aliyekuwepo kabla hakumbukwi, na aliyebeba bilauri hakumbukwi, na aliyekufa kwa ajili ya kondoo hakumbukwi. Wala hapakuhitajiwa mtu mbaya sana kuwasahau. Ilitosha kutouliza jina.

Nimalize habari ya cheo chenyewe. Erli wa nne alifariki mwaka 1924, akarithi John. Mwana wa John alifariki mwaka 1956, baba yake angali hai, kwa hiyo John alipofariki cheo kilitafuta mrithi kikamkuta Mkenya wa kuzaliwa: David, mwana wa Galbraith, aliyewahi kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la Kenya. Na hayo yalikuwa mwaka gani? Yalikuwa mwaka 1963! Mwaka huo sisi tulipandisha bendera, na mwana wa yule mlowezi wa Elmenteita akawa Erli wa sita, akaenda kukaa Florence Court.

Alikuta nyumba iliyokwisha pata mkasa. Mwaka 1954 ilikuwa imekabidhiwa kwa shirika la kuhifadhi majengo ya kale, na mwezi wa Machi mwaka 1955 ikashika moto. Orofa za juu ziliungua. Maji ya kuzimia moto yakajaa juu ya dari ya chumba cha kulia, dari yenye nakshi za karne ya 18, ikawa karibu kuanguka. Mafundi wa hapo hapo wakaitoboa matundu ili maji yatoke, na kwa matundu hayo ikapona. Nyumba ikatengenezwa upya. Erli wa sita hakukaa sana. Katika miaka ya 1970 alihamia Scotland, na alifariki mwaka 1989. Leo Florence Court ni nyumba ya watalii. Mtu yeyote hulipa kiingilio na kutembea zulia kwa zulia.

Na Kekopey? Kuanzia mwaka 1972 mtaalamu wa Kimarekani, Shirley Strum, alikuwa akichunguza nyani katika shamba hilo, akawapa majina mmoja mmoja. Baadaye shamba lilinunuliwa na chama cha ushirika cha wakulima, likagawanywa, na nyani wakaanza kula mahindi. Basi mwaka 1984 wakakamatwa kwa uangalifu, wakapimwa afya, wakahamishiwa Laikipia, na wanafuatiliwa huko mpaka sasa. Sisemi vibaya juu ya nyani, wala juu ya bibi huyo. Kazi yake ni njema. Nasema tu kwamba Laikipia ilikwisha pokea wahamishwa wengine kutoka bonde lile lile, miaka 80 kabla, na hao hawakuwa na mtu wa kuwafuatilia.

Leo jina la mahali hapo huandikwa Kikopey, na kila mtu anayesafiri kati ya Nairobi na Nakuru analijua. Ni pale magari yanaposimama na abiria kushuka kula nyama choma. Ninyi nyote mmekula pale. Mimi pia nimekula pale, mbuzi na kondoo, nikalipa, nikaenda zangu bila kufikiri kwamba katika ardhi hii palikuwa na siku ambayo kondoo mmoja alikuwa na thamani kuliko mtu.

Kuna jambo moja zuri la Florence Court nililoliweka akiba. Katika karne ya 18 mkulima mpangaji wa hapo, George Willis, alikuwa mlimani akaona miche miwili ya mti uitwao yew, ule ambao Wazungu hupenda kuupanda makaburini. Kwa kawaida mti huo hutawanya matawi. Hiyo miwili ilikwenda juu, imesimama wima kama mnara. Willis akaing'oa. Mmoja akaupanda kwake, mwingine akampelekea bwana shamba. Wa kwake ulikufa mwaka 1865. Ule wa Florence Court upo mpaka leo, na kwa kuwa mbegu zake hazitoi mti wa umbo lile, hupandwa kwa vipandikizi tu. Kwa hiyo kila mti wa aina hiyo duniani, katika makaburi na bustani za nchi nyingi, ni kipande cha mti ule mmoja. Erli wa Enniskillen hakuacha kitu kilichoenea duniani kama hicho; nacho ni zawadi ya mpangaji. Na tunaijua kwa sababu moja tu: kuna mtu aliyeliandika jina la Willis.

Bwana Mwenyekiti, naona moshi wa jikoni umepungua. Nyama iko tayari. Neno langu la mwisho ni juu ya ule ubao wa bwalo.

Wakati wetu palikuwa na mpishi hapa. Sisi tulimwita "Mzee Jikoni". Aliamka saa kumi za usiku, akawasha kuni mbichi, na ilipofika saa kumi na mbili uji ulikuwa tayari, mwaka nenda mwaka rudi. Mwaka ule nilipougua homa, yeye ndiye aliyeniletea uji bwenini, ingawa haikuwa kazi yake, akakaa kitandani kwangu mpaka nikaumaliza. Nilipokuwa naandaa hotuba hii, na nimefika pale niliposema kwamba walowezi hawakuliuliza jina la mtu yule, kalamu ilinisimama mkononi. Maana jina la Mzee Jikoni mimi silijui. Nilikula mkononi mwake miaka minne, na sikuuliza.

Kwa hiyo mchana, mtakapofika kwenye jambo la ubao, mimi nitaleta pendekezo. Majina ya waliotoa fedha yaandikwe, na vyeo vyao vyote, sina ugomvi. Lakini kando yake uwepo ubao wa pili, wa ukubwa ule ule, wa wapishi, mabawabu, na watu wa kijiji walioitoa ardhi hii shule ikajengwa. Na ninyi vijana wa chama cha Historia, nawapa kazi ya likizo: ziko daftari za mishahara katika stoo ya ofisi, na wako wazee vijijini. Tafuteni. Mkilipata jina la Mzee Jikoni, liandikeni la kwanza. Kisha mje mniambie, hata kama ni usiku, nami safari hiyo sitachelewa.

Karibuni chakula, na kila mmoja amwulize jina lake yule atakayempakulia.